Picha Juu ya Kihisi

Kuna nchi moja ambayo jina lake halitajwi hapa, kwa kuwa sheria yake inataka kila anayelitaja au kulisoma awe amesimama wima, na msomaji pengine amekaa. Ni nchi njema. Ina milima, ina mvua nyingi kuliko inavyoomba, na ina Baba Mlezi, ambaye picha yake imebandikwa kwenye kila mali ya serikali: madawati, matrekta, mapipa ya taka, hata mbuzi wa shamba la mfano. Hao mbuzi hubandikwa upya kila Jumatatu, kwani kila mbuzi hutafuna picha ya mwenzake.

Katika nchi hiyo alikuwapo mtafiti wa Taasisi ya Taifa ya Vitu Vidogo, Sikitu Mwenegoha, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyobabuka kwa dawa za maabara. Kwa miaka sita Sikitu alikuwa kwenye vita na unyevu.

Alikuwa akitengeneza vihisi mwanga, yaani vijidude vya kupima nguvu ya mwanga, kutokana na perovskaiti. Perovskaiti ni fuwele ambayo mtu huweza kuipika kwenye kichupa na kuipaka juu ya kioo kama rangi ya kucha. Haitaki kiwanda. Ikikauka huwa nyeusi yenye wekundu, mfano wa kahawa iliyokolea, na huona mwanga vizuri kama vifaa vinavyoletwa kutoka ng'ambo kwa sherehe na ngoma. Kasoro yake ni moja. Ukiiacha wazi siku tatu katika nchi ile ya mvua, huanza kufifia pembeni, kisha hugeuka njano, na ikishakuwa njano haioni tena.

Watoto ambao Sikitu aliwatengenezea vihisi hivyo nao walikuwa wa njano.

Walilazwa Wodi Namba Tatu ya hospitali ya mkoa, watoto wachanga wa siku mbili tatu, macho yamefunikwa vitambaa, chini ya taa za buluu. Mwanga wa buluu ukiwa na nguvu huivunja ile njano ndani ya damu. Lakini taa huzeeka. Kwa macho ya mtu huendelea kuwa ya buluu na ya kupendeza, kumbe nguvu yake imekwisha miezi mingi nyuma. Kipimo tu ndicho kinachojua. Hospitali ilikuwa na kipimo kimoja, nacho kilifungiwa kwenye kabati la vioo karibu na mlango mkuu, kwa sababu kilikuwa zawadi, na zawadi haitumiki.

Miaka saba kabla ya hapo Sikitu alimlaza binti yake, Zawena, chini ya taa moja kati ya zile. Siku nne alikaa kwenye benchi akiitazama taa na kuishukuru. Taa ilikuwa imekufa zamani, ila haikuwa imemwambia mtu. Njano ikapanda mpaka kwenye ubongo. Zawena akatoka wodini na macho makubwa, mashavu mazuri, na masikio yasiyosikia hata radi ikipasua mwembe wa jirani.

Kwa hiyo Sikitu hakutaka mambo makubwa. Alitaka kila taa ya wodi ile iwe na jicho la kuiangalia, na jicho lenyewe lisife.

*

Vihisi vyake vya kwanza vilimfia nyumbani. Alivining'iniza juu ya sufuria ya wali, bafuni, na katikati ya nguo mbichi wakati wa masika. Zawena alivipenda. Kila kihisi kilikuwa na mshale mdogo, na mtoto alipopitisha kiganja juu yake mshale ulishuka, akikiondoa ulipanda. Alicheza hivyo saa nzima, akimwambia mama yake kwa vidole: kinaniona, hakinioni, kinaniona. Baada ya siku chache kihisi kiligeuka njano, mshale ukalala, na Zawena akauliza kwa vidole kama kimekufa. Sikitu alijibu ndiyo, akaanza kingine.

Kihisi cha mia mbili na kumi na tisa hakikufa. Humo alikuwa ameongeza chumvi fulani yenye mkia wa mafuta, ambayo hukaa juu ya fuwele na kuyateremsha maji kama yanavyoteremka kwenye jani la gimbi. Juu akaweka kioo cha pili, na kingo zote akaziziba kwa gundi nyeusi ya mpira aliyoipika mwenyewe. Akakifungia kwenye sanduku la mvuke na mwanga mkali kwa saa elfu moja. Kilipotoka, uwezo wake wa kuona ulikuwa umepungua sehemu tatu tu katika mia.

Akaandika ripoti. Sikitu alikuwa na fahari moja maishani: aliandika kwa lugha safi, hatua baada ya hatua, hata mtu asiyewahi kuingia maabara aweze kufuata. Namna ya kupika gundi na kuziba kingo aliieleza ukurasa wa arobaini na moja, kwa upendo kabisa. Msomaji aukumbuke ukurasa huo.

*

Ripoti ikafika kwa Mheshimiwa Mgaza Kitwana, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Uthabiti wa Vifaa. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na ofisini kwake saa zote tatu za ukutani zilikuwa zimesimama, kila moja kwa wakati wake.

"Binti," alisema, "nimesoma. Imenigusa. Ila hizi sehemu tatu katika mia zimekwenda wapi?"

"Zimechakaa, Mheshimiwa."

"Kwa idhini ya nani?"

Sikitu akafikiri ni utani, akatabasamu. Mkurugenzi hakutabasamu.

"Mwaka jana taifa hili lilitimiza malengo kwa sehemu mia na nne katika mia. Na wewe unaniletea upungufu, umeuandika kwa wino, umetia na sahihi. Sasa sikiliza. Kifaa kitawekwa hapa wizarani siku mia. Kikibadilika, hatukitaki. Na hiyo mishale yako iondoke. Wauguzi wana mambo mengi, tusiwasumbue kwa namba. Weka taa mbili. Ya kijani iwake kipimo kikiwa kilekile cha siku kilipofungwa. Nyekundu iwake kikibadilika."

"Lakini Mheshimiwa, taa ya wodi ikififia, kipimo lazima kishuke. Ndiyo kazi yake."

"Kwa hiyo ni kitu cha kubadilikabadilika."

"Chenyewe hakibadiliki. Kinaonyesha mabadiliko ya taa."

Mkurugenzi akamtazama kwa huruma, kama mtu amtazamaye mgonjwa asiyejijua.

"Binti, chagua moja."

Sikitu alichagua kunyamaza. Aliweka taa mbili upande wa mbele kama alivyoagizwa. Mshale akauhamishia nyuma, ndani ya kijimlango kidogo, kwa kuwa miaka sita serikalini ilikuwa imemfundisha kwamba afisa haangalii nyuma ya kitu.

*

Kabla ya majaribio akaja Afisa Mbandikaji, Bwana Hamduni Pazi, mzee mpole mwenye ndoo ya gundi ya unga na brashi. Alipiga hodi mara tatu, akaulizia afya ya mtoto, akakaa.

"Kiko wapi hicho kifaa, dada?"

Sikitu akakiweka mezani. Kisanduku kilikuwa kidogo kama kiberiti, na katikati ya uso wake palikuwa na kioo cha kihisi, sawa na ukucha wa kidole gumba. Bwana Pazi akatoa picha ya Baba Mlezi ya saizi ndogo kuliko zote zinazoruhusiwa. Ilikuwa sawasawa na kiberiti.

"Bwana Pazi, ukiibandika hapo kifaa hakitaona."

"Sheria inasema uso wa mbele, katikati, bila kukunja."

"Tubandike nyuma."

"Nyuma?" Mzee akaishusha brashi. "Baba Mlezi aelekezwe ukutani? Dada yangu, mimi nina wajukuu."

"Basi tutoboe tundu dogo kwenye picha, mwanga upite."

"Tumtoboe wapi?"

Wakaitazama picha wote wawili. Kila mahali palikuwa ni Baba Mlezi.

"Ipo ya karatasi inayopenyeza mwanga?"

"Ilikuwapo. Aliyeichapa alisema mtu anaweza kumwona Baba Mlezi mpaka upande wa pili. Hatujamwona tangu siku hiyo, yeye aliyesema."

"Nikikiongeza ukubwa kisanduku? Picha ikae juu, kihisi chini."

"Kisanduku kikikua, picha nayo inakua. Kuna jedwali." Akalitoa jedwali mfukoni, limekunjwa mara nane, akamwonyesha kwa heshima. Kwa mujibu wa jedwali hilo, hata kama kihisi kingekuwa na ukubwa wa uwanja wa mpira, picha ingelingana nacho.

Bwana Pazi alipaka gundi taratibu, akaibandika, akailainisha kwa kiganja kama mtu anayefunga macho ya marehemu.

"Usinichukie, dada," alisema akiondoka. "Mimi nabandika tu."

*

Siku mia zikapita. Wizarani kihisi kilipelekwa juani, kikarudishwa kivulini, kikamulikwa kwa taa za magari, kikafungiwa kabatini. Taa ya kijani haikuzimika hata mara moja. Kipimo cha siku ya kwanza kilikuwa sifuri, na cha siku ya mia kilikuwa sifuri.

Palifanyika sherehe. Mheshimiwa Kitwana alipanda jukwaani na karatasi kumi na sita.

"Ndugu wananchi," alisema, "mataifa makubwa yamehangaika na perovskaiti. Inawageukia. Leo ni nyeusi, kesho ni njano. Sisi tumepata kihisi ambacho mchana na usiku, jua na mvua, kinasema neno lilelile. Nimekiuliza mchana, kikaniambia sifuri. Nimekiuliza usiku, sifuri. Huo, ndugu zangu, ndio uaminifu. Upungufu wa sehemu tatu katika mia, uliotajwa na baadhi ya watu, umeondoka wenyewe baada ya picha kubandikwa. Wataalamu wachunguze nguvu hiyo."

Watu wakapiga makofi kwa muda ulioandikwa kwenye ratiba. Sikitu alikuwa kiti cha tatu kutoka mwisho. Alipiga makofi pia, kwani palikuwa na mtu wa kuhesabu.

Vihisi kumi na viwili vya namna hiyo, kila kimoja na picha yake, vikafungwa Wodi Namba Tatu, kimoja kwenye kila taa. Siku hiyohiyo wizara ikafuta bajeti ya taa mpya. Taa zilikuwa nzima: zote zilionyesha kijani.

*

Muuguzi mkuu wa wodi aliitwa Tunu, mwanamke wa miraba minne aliyemjua Sikitu tangu zile siku nne za benchi. Alimpigia simu siku ya pili.

"Mama Zawena, njoo uone mwujiza wako. Kitanda cha tano umeme umekatika, taa imezimika kabisa, giza. Kihisi chako kinaniambia mambo safi."

Sikitu akaja. Alimweleza Tunu habari ya picha, akamwonyesha na kijimlango cha nyuma chenye mshale. Mishale yote ilikuwa imelala.

"Sasa tubandue," Tunu alisema.

"Kubandua kwa mkono ni miaka saba jela."

"Na kwa kitu kingine?"

Sikitu alikuwa akiangalia dari. Wodi ile ilikuwa na joto la watoto wachanga, maji yakichemka kwenye birika siku nzima, madirisha yanatoka jasho, na ukutani kalenda mpya ilikuwa imekwisha kujikunja.

"Ile ni gundi ya unga," alisema. "Masika yanaanza lini?"

"Wiki mbili."

Wakatazamana. Miaka sita Sikitu alikuwa ameuchukia unyevu kama mtu anavyomchukia mwizi wa mtoto wake. Sasa alirudi nyumbani na kuomba mvua.

Mvua ikanyesha. Ilinyesha kama inavyonyesha katika nchi ile, bila kupumua. Siku ya nne pembe ya kwanza ya picha ikainuka. Siku ya saba Baba Mlezi wa kitanda cha pili alijikunja kama jani, akadondoka sakafuni, na mfagiaji akamwokota kwa mikono miwili. Mpaka siku ya kumi vihisi vyote vilikuwa wazi. Mbele taa nyekundu zikawaka, kumi na mbili, kwa kuwa kipimo hakikuwa tena sifuri. Nyuma, kwenye vijimlango, mishale ikaamka.

Taa yenye nguvu ilipaswa kufika thelathini. Tatu zilifika. Nyingine zilionyesha kumi na moja, tisa, sita. Moja, iliyong'aa na kupendeza kuliko zote, ilionyesha mbili.

"Hii," Tunu alisema, akiweka mkono juu ya taa hiyo. Ilikuwa ndiyo ya Zawena.

Kwa wiki tatu Tunu aliwapanga watoto chini ya taa tatu zinazofanya kazi, wawili wawili, kwa zamu, kama mikate kwenye tanuri dogo. Vile vioo vilivyozibwa kwa gundi nyeusi vilikaa katikati ya mvuke ule na havikugeuka njano. Watoto kumi na wanane waliingia wakiwa wa njano, wakatoka na rangi zao. Mmoja wao alipiga chafya, akashtuka kwa sauti yake mwenyewe, akalia. Sikitu aliposimuliwa alitoka nje kwanza, akarudi baadaye.

*

Tunu alikuwa na kosa moja, nalo ni kujaza fomu kwa ukweli. Akaomba taa tisa. Kwenye mstari wa sababu akaandika: "Vihisi vinaonyesha taa zimefifia."

Baada ya siku mbili ikafika Tume ya Kuchunguza Kubanduka, magari manne. Mheshimiwa Kitwana aliingia wodini akiwa amefunika pua kwa kitambaa, akaona taa nyekundu kumi na mbili, akashika ukuta.

"Vimeharibika vyote," alisema.

"Vinaona, Mheshimiwa," Sikitu alisema. "Ndivyo vinavyotakiwa kuwa. Angalia nyuma, namba zipo. Hii taa ni mbili, inatakiwa thelathini. Mtoto akilala hapa ataharibika ubongo."

"Nyuma kuna namba?" Mkurugenzi akainama, akaangalia nyuma ya kitu kwa mara ya kwanza katika utumishi wake. "Watu wanaangalia nyuma?"

"Wauguzi wote."

"Basi nyuma napo panaonekana." Akamgeukia karani. "Andika. Picha mbele, picha na nyuma."

Tume ikakaa siku moja, ikatoa matokeo: vihisi havikuwa na tatizo lolote, tatizo ni kwamba picha haistahimili unyevu. Likatafutwa jina la mtu anayejua habari za unyevu katika taifa zima. Lilikuwa moja.

Wakampa Sikitu nishani ya Uthabiti, Daraja la Pili, na cheo cha Mshauri Mkuu wa Kubandika. Mkurugenzi akaeleza kazi: ile gundi nyeusi inayozuia unyevu usiingie kwenye kioo, izuie usiingie chini ya picha.

"Haishiki karatasi," Sikitu alisema haraka. "Imetengenezwa kwa vioo. Kwenye karatasi inaachia siku ya pili."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na aliutoa vizuri.

Pale mlangoni alikuwa amesimama Bwana Hamduni Pazi na ndoo yake. Ndani ya ndoo gundi ilikuwa nyeusi.

"Inashika, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeijaribu jana, nimeitia na kwenye maji ya moto. Nimefuata ule ukurasa wa arobaini na moja. Umeandika vizuri sana. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini sikuhitaji kumwuliza mtu."

Sikitu akamtazama. Mzee alikuwa anamsifu kwa moyo wake wote.

*

Agizo lilitaka Mshauri Mkuu asimamie mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi na shule imefungwa, ikambidi aje na Zawena. Bwana Pazi akabandika picha ishirini na nne, kumi na mbili mbele na kumi na mbili nyuma, Sikitu akimshikia pembe kwa vidole huku mzee akiziba kila ukingo. Taa nyekundu zikazimwa, vifaa vikaanzishwa upya kutoka sifuri, na kijani kikawaka kitanda hadi kitanda mpaka mwisho wa wodi. Nje mvua ilikuwa inaendelea, na madirisha yalitoka jasho bure.

Tunu alikuwa dirishani na mtoto wa siku mbili, akimbonyeza kwa kidole gumba apate kuiona rangi iliyo chini ya ngozi: paji la uso kwanza, kisha shingo, kisha kifua. Ndivyo walivyofanya zamani, na ndivyo watakavyofanya.

"Huyu imeshafika kifuani," alisema. "Zile tatu nzima nazijua kwa leo. Mwezi ujao sitazijua." Akamfunika mtoto. "Hiyo gundi yako inakaa muda gani, Mama Zawena?"

"Niliipima kwa mvuke na mwanga mkali. Saa elfu moja haikuachia hata pembe."

"Na baada ya hapo?"

"Sijawahi kuiona ikiachia."

Tunu akatikisa kichwa, akaenda kumlaza mtoto chini ya taa.

Zawena alikuwa amesimama kwenye kitanda cha tano. Alikuwa amekitambua kile kisanduku. Akapitisha kiganja juu ya uso wa Baba Mlezi, akasubiri. Akakiondoa, akasubiri. Akajaribu tena kwa mikono miwili, taratibu, kisha haraka. Taa ya kijani haikutikisika. Akamgeukia mama yake na kuuliza kwa vidole kama kimekufa.

Sikitu akainua mikono kumjibu. Vidole vilikuwa vyeusi kwa gundi, vimegandana, na havikuweza kusema kitu.